Hataza ni Maandishi: Vali ya Injini na Wajibu wa Kitivo cha Lugha

Katika vyuo vyetu kuna mgawanyo wa kazi ambao hakuna aliyeuandika, lakini sote tunautii: mashine ni za wahandisi, sheria ni za wanasheria, na sisi wa lugha tumeachiwa methali, mashairi na sarufi. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo kwa kutumia kifaa kidogo kinachotosha kiganjani, yaani vali inayodhibiti mtiririko wa maji ya kupoza injini. Hoja yangu ni kwamba hataza ya vali kama hiyo, kabla ya kuwa kitu kingine chochote, ni maandishi. Kwamba anayeichunguza ni msomaji. Na kwamba fundi wa Kolwezi anapoteza haki yake mahali ambapo sisi tungeweza kumsaidia, yaani kwenye sentensi.

Tuanze na kifaa chenyewe. Vali hii, ambayo mafundi wengi huiita themostati, hukaa kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna kikopo cha shaba kilichojaa nta. Injini ikiwa baridi, nta imeganda, vali imefungwa, na maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto upesi. Joto likipanda nta huyeyuka, hutanuka, husukuma pini, na njia ya kwenda kwenye rejeta huwa wazi. Aliyebuni mtambo huu wa nta ni Sergius Vernet, huko Marekani, katika miaka ya 1930. Vali nyingi za leo bado zinafuata wazo lake, ingawa magari mapya zaidi yana vali zinazoendeshwa kwa mota na kompyuta.

Sasa tuilete Kolwezi. Mji huu uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji yaliyo wazi hayachemki kwenye nyuzi 100, bali kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko wa rejeta ukiwa mzima, mgandamizo hukipandisha kiwango hicho na hakuna taabu. Lakini gari lililochoka, lenye mfuniko usioshika na maji ya bomba badala ya dawa ya kupozea, linaingia barabara ya Likasi likiwa na akiba ndogo sana. Vali ambayo huanza kufunguka kwenye nyuzi 88 na kufunguka kabisa karibu na nyuzi 100 inachelewa: maji yameshachemka kabla njia haijawa wazi kabisa. Ndiyo maana mafundi wengi huing'oa vali na kuitupa. Suluhisho hilo lina gharama zake. Injini isiyo na vali hukawia kupata joto asubuhi za baridi za Juni na Julai, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Na katika injini ambazo vali yake hufunga pia njia ya mkato, kuing'oa kunaacha sehemu ya maji izunguke bila kupita kwenye rejeta kamwe. Kwa hiyo kuna tatizo la kweli la kiufundi hapa, na penye tatizo la kweli panaweza kuzaliwa uvumbuzi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi mmoja anatoboa tundu kwenye kizibo cha vali, kisha analiziba kwa kipande cha aloi ya bismuthi, risasi na bati, inayoyeyuka kwenye nyuzi 94 hadi 98. Nta ikishindwa kazi, aloi inayeyuka na maji yanapata njia. Kama mtambo huu ungedumu barabarani ni swali la wahandisi. Swali letu ni hili: mtu akitaka kuulinda, ni nini hasa kinachochunguzwa?

Mchunguzi wa hataza katika ofisi inayofanya kazi hiyo kwa ukamilifu, kama ile ya Ulaya iliyoko Munich, hauliza kama fundi ni mwerevu. Huuliza kama jambo ni jipya, kama lisingekuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida wa fani hiyo, na kama linafaa kutumika viwandani. Kisha hutafuta maandishi ya zamani. Kuhusu tundu lenyewe atasema: si jipya, kwa kuwa vali nyingi zina kitundu cha kutolea hewa. Kuhusu kizibo kinachoyeyuka atasema: Richard Trevithick alikitia kwenye boila za mvuke mwaka 1803. Linabaki swali moja: je, fundi wa kawaida angeviunganisha hivi viwili bila kufikiri sana? Hapo ndipo maandishi ya mwombaji yanapookoa au kuua. Ikiwa maelezo yametaja tatizo waziwazi, yaani maji matupu, mfuniko usioshika, mwinuko ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 95, na sababu ya kuchagua aloi hii badala ya nyingine, mwombaji ana la kujibu. Ikiwa yameandikwa tu kwamba hii ni "vali iliyoboreshwa", hana neno. Vali ni ileile, fundi ni yuleyule, ila sentensi ndizo zimetofautiana.

Baadhi ya wenzangu watasema kwamba huko ni Munich, na sisi tuko Kongo. Ni kweli, na hapo jambo linazidi kuwa zito. Hataza kwetu zinatawaliwa na sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Nchi yetu haimo katika shirika la OAPI lenye makao Yaoundé, wala katika ARIPO la Harare; mwombaji anakwenda Kinshasa. Na chini ya sheria hiyo hataza hutolewa bila dola kuchunguza kiini cha uvumbuzi. Wapo wanaofurahia urahisi huo. Mimi naona ni mtego. Uchunguzi umeahirishwa tu, haukufutwa. Utafanyika siku ya ugomvi, mbele ya hakimu, na atakayeyasoma maandishi yako kwa makini kuliko wote ni wakili wa mpinzani wako. Ofisi inayochunguza humlazimisha mwombaji arekebishe sentensi mbovu mapema. Ofisi isiyochunguza humwachia aondoke na karatasi yenye muhuri, akiamini analindwa. Kwa hiyo nchi isiyo na wachunguzi ndiyo inayohitaji waandishi hodari zaidi.

Na huyo mwandishi ni nani? Fundi wa Kolwezi anaufikiria mtambo wake kwa Kiswahili, anaueleza kwa Kiswahili, na mtu mwingine anauandika kwa Kifaransa. Katikati hapo vitu vinadondoka. Kifaransa kina "vanne", "soupape" na "clapet", maneno matatu yenye kazi tatu. Kiswahili cha vitabuni kinazifunika zote kwa neno moja, "vali". Mwandishi asiyejua akichagua "soupape", amekwisha kuhamisha uvumbuzi kutoka kwenye maji ya kupoza hadi kwenye kichwa cha silinda.

Lakini si kweli kwamba Kiswahili ndicho maskini katika mambo haya. Angalieni vitenzi vyetu. "Kufunguka" si "kufunguliwa". Vali ya nta hufunguka; vali ya mota hufunguliwa. Herufi chache zinatenganisha vizazi viwili vya teknolojia. Hapohapo pana hatari: dai likisema "vali inayofunguka joto linapofika nyuzi 88", mpinzani mwenye mota atasema yake haifunguki, inafunguliwa, hivyo hajaligusa dai hilo. Anayetaka kuzibana zote mbili lazima aandike, kwa mfano, "vali ambayo njia yake ya maji huwa wazi". Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyejifunza viambishi vya kauli anaiona tofauti hiyo mara moja. Mwanasheria anaweza asiione kabisa.

Angalieni pia ngeli. Maneno ya mkopo huingia kwa wingi katika ngeli ya I-ZI: vali, injini, pampu, rejeta. Andika "vali ya injini yenye tundu", na hakuna ajuaye kama tundu liko kwenye vali au kwenye injini. Lakini andika "kizibo cha vali chenye tundu lililozibwa", na kila upatanisho unaonyesha mwenyewe. Kifaransa kina jinsia mbili za kufanyia kazi hiyo. Sisi tuna ngeli nyingi zaidi, mradi mwandishi achague majina ya sehemu kutoka ngeli tofauti: kizibo, mfereji, tundu, pini. Hii ni sarufi tunayoifundisha kila siku, na hatujawahi kuipeleka garajini.

Hata neno la kwanza kabisa linatushinda. Katika mazungumzo tunasema "ugunduzi" na "uvumbuzi" kana kwamba ni mamoja. Sheria za hataza hazioni hivyo: kugundua kwamba maji ya Kolwezi huchemka mapema si jambo la kupewa hataza, kubuni vali inayolishughulikia tatizo hilo kwaweza kuwa. Mtu akianza maombi yake kwa kusema "nimegundua", ameshajiweka upande usiofaa.

Najua mapingamizi. La kwanza: Kifaransa ndicho lugha rasmi, na Kinshasa haipokei Kiswahili. Sawa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Siombi sheria ibadilishwe kesho. Naomba kuwe na maandishi ya kwanza ya Kiswahili, ambayo mvumbuzi mwenyewe ameyasoma na kuyakubali, kabla hayajatiwa katika Kifaransa. Asiyeweza kuisoma hataza yake mwenyewe hajui anachomiliki.

La pili: Kiswahili cha kwetu si sanifu. Hilo ni kweli, na hapa halidhuru. Dai la hataza halihitaji lafudhi ya Unguja. Linahitaji kila neno liwe na maana moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa hati. Maneno ya mafundi wa Kolwezi yanaweza kutimiza sharti hilo yakifafanuliwa mara moja na kuchorwa.

La tatu ndilo zito: ni wangapi huku wanaoomba hataza hata tujisumbue? Jibu langu ni kwamba hataza ina upande wa pili unaosahaulika. Hataza haivuki mpaka. Vali iliyolindwa Ujerumani au Japani, ambayo mwenyewe hakuiombea ulinzi Kongo, ni halali kutengenezwa na kutumiwa Kongo. Na ulinzi ukimalizika, kwa kawaida baada ya miaka 20, ni halali kila mahali. Maelezo na michoro yake viko wazi kwa umma, kwa sababu kuvichapisha ndiyo bei anayolipa mvumbuzi ili apewe haki. Kwa hiyo kuna maktaba kubwa mno ya ufundi ambayo fundi wetu anaruhusiwa kuitumia bure, ila hawezi kuisoma. Maombi ya kimataifa huchapishwa katika lugha kumi: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza, Kijapani, Kijerumani, Kikorea, Kireno na Kirusi. Kiswahili hakimo, ingawa SADC ilikifanya lugha yake rasmi mwaka 2019 na nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kila tarehe 7 Julai tunakisifu kwa hotuba. Sifa hizo hazijaifikia hata hati moja ya vali.

Historia inatudai pia. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alionyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyojengwa chini ya ukoloni kiwe lugha ya kazi. Mchimbaji wa Union Minière aliagizwa kwa Kiswahili, lakini hati za umiliki ziliandikwa kwa lugha nyingine. Mgawanyo huo haukuisha mwaka 1960. Tukiridhika kwamba Kiswahili kinafaa kwa soko, nyimbo na ibada, tunauendeleza sisi wenyewe.

Napendekeza mambo matatu, yote yaliyo ndani ya uwezo wa kitivo kisicho na fedha. Kwanza, kazi za mwisho wa masomo za mwaka ujao ziwe na mada ya istilahi za garajini: wanafunzi wakusanye majina ya sehemu za injini Kolwezi, Fungurume, Likasi na Lubumbashi, kila jina na mchoro wake, na kuyalinganisha na ya Dar es Salaam na Nairobi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kutoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, hatuanzi sifuri. Pili, somo la tafsiri liwe na zoezi la kuandika dai moja la hataza kwa Kiswahili, kulihamishia kwa Kifaransa, kisha kumpa mwenzako alirudishe. Palipopotea maana pataonekana. Tatu, kila mwaka tutafsiri hati tano za hataza zilizokwisha muda wake, zihusuzo vitu vinavyovunjika huku: vali, pampu, vichujio vya vumbi. Zibandikwe garajini, zisiishie kabatini.

Ya kwanza iwe ya vali ya nta. Ulinzi wake ulikwisha miongo mingi iliyopita, na kila wiki kuna fundi barabara ya Likasi anayeing'oa na kuitupa bila mtu kuwahi kumweleza, kwa lugha yake, inavyofanya kazi.