Babu Zetu Wameandikwa kwa Kilatini

Nyanya yangu, mukaka kama tunavyosema kwetu, anaitwa Kavugho. Msomaji wa Butembo au wa Beni ameshaelewa: ni binti wa tatu wa mama yake. Lakini nyumbani tulimhesabu wa pili, kwa sababu dada mkubwa tuliyemjua alikuwa mmoja tu, Masika. Kavira, yule wa katikati, alikuwa wapi? Mukaka alijibu siku zote kwamba hajui, mama yake hakumtaja hata mara moja.

Jibu tulilipata miaka miwili iliyopita, tukiwa tunatafuta kitu kingine. Mukaka alikuwa amekimbia kijiji chake upande wa Beni bila karatasi yoyote, na ofisini walimwomba tarehe ya kuzaliwa. Tukaenda kwenye parokia alikobatizwa. Tulipokuwa tunashuka na kidole kwenye kitabu cha ubatizo, kurasa kadhaa kabla ya jina lake, tulikuta mtoto wa baba yule yule na mama yule yule: Kavira, amebatizwa *in periculo mortis*, katika hatari ya kufa. Kitabu cha marehemu kilimtaja tena, siku nne baadaye. Mukaka alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, «Basi mama alikuwa anamwita kila alipokuwa ananiita mimi.»

Aliyetufungulia kabati alikuwa mtu mwema, lakini Kilatini hakukijua. Mimi nilisoma maneno yale matatu kwa sababu tu ya saa chache za Kilatini tulizopewa mwaka wa kwanza, ambazo wengi wetu tulizilalamikia. Ndiyo maana naandika maoni haya hapa, katika jarida la kitivo cha lugha. Vitabu vya parokia zetu na daftari za ofisi za raia ni kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha kabla ya kuwa ya mwingine yeyote, na mpaka leo hatujaigusa.

Tutazame kwanza wale wanaoifanya kwa bidii. Watu wa Argentina na Brazili wenye babu kutoka Italia huanza na mambo mawili: jina la ukoo na jina la komini. Komini ya Italia ina vitabu vya kuzaliwa, ndoa na vifo tangu 1866, sheria ya kiraia ya ufalme ulioungana ilipoanza kutumika. Mahali pengine vipo vya zamani zaidi, tangu enzi za Napoleon. Nyuma ya hapo mtafutaji hubisha hodi parokiani, kwa kuwa Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliagiza maparoko waandike ubatizo na ndoa, na Rituale ya Roma ya 1614 ikatoa mfano wa maneno ya kuandika. Leo kurasa nyingi za vitabu vya serikali zimepigwa picha na hifadhi za taifa la Italia, na kila mtu anazisoma bure kwenye tovuti inayoitwa Antenati, yaani «wahenga». Wengi walitafuta kwa ajili ya pasipoti, maana uraia wa Italia ulipita kwa damu bila kikomo cha vizazi, mpaka mwaka 2025 sheria ilipokaza na kuishia kwa kawaida kwa mzazi au babu na nyanya. Lakini wapo waliotafuta kwa sababu moja na mukaka wangu: kujua nani alikuwepo.

Italia inatuhusu nini sisi wa Kivu ya Kaskazini? Inatuhusu kwa sababu kitabu ni kile kile. Mapadri Waasumpsio waliofika Beni mwaka 1929 walikuja na mfano ule ule wa Roma: siku, jina la mtoto, baba, mama, msimamizi wa ubatizo, jina la padri. Paroko wa kijiji cha Piemonte na mmisionari wa milima yetu waliandika sentensi moja. Anayejua kusoma ukurasa wa kule anajua kusoma wa hapa.

Historia ya jimbo letu pia inaelekeza mahali pa kutafuta. Beni ilikatwa kutoka vikarieti ya Stanley Falls mwaka 1934, ikawa vikarieti mwaka 1938, jimbo mwaka 1959, na jina la Butembo-Beni likaja 1967. Kwa hiyo mwenye mzee aliyebatizwa kabla ya Waasumpsio asikate tamaa akikosa jina hapa. Nyayo zake zinaweza kuwa upande wa Kisangani, kwa mapadri wa Moyo Mtakatifu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni ya 470, iliagiza kila paroko apeleke kwa askofu nakala ya vitabu vyake kila mwisho wa mwaka. Pale nakala ilipopelekwa kweli, kitabu kilichoungua kijijini kinaweza kuwa na pacha mjini.

Ukurasa wenyewe una siri moja ambayo wengi hawaijui: pambizo. Mtu anapofunga ndoa, parokia ya ndoa hutuma habari kwa parokia ya ubatizo, na paroko huandika pembeni ya jina lake: lini, wapi, na nani. Hivyo mstari mmoja unaweza kumfuata mtu kutoka Kyondo hadi Mangurujipa. Anayetafuta aanze na ndoa anayoijua, arudi nyuma kwenye ubatizo, kisha asome pambizo za ndugu zake wote. Kwa ndugu zetu wa CBCA njia ni nyingine kidogo: Wabatisti hubatiza mtu aliyekwisha kuamini, kwa hiyo tarehe ya ubatizo haikuambii alizaliwa lini.

Hapa ndipo kazi inapoacha kuwa ya makatibu na kuwa ya wanaisimu. Mwitalia ana jina la ukoo linalotoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Ukilishika, umeshika kamba. Kwetu Wayira jina la kwanza halitaji ukoo, linataja zamu: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa, Ndungo. Katika kitabu kimoja utakuta Kasereka makumi kwa makumi, na wote ni watoto wa tatu wa nyumba tofauti. Mtafutaji wa Italia angechanganyikiwa. Lakini mfumo huo huo unafanya jambo ambalo majina ya Italia hayawezi: unaonyesha pengo. Penye Kambale na Kakule bila Kasereka katikati, kuna mtoto wa kutafutwa. Jina la mukaka lilikuwa limetunza habari za dada yake kwa zaidi ya miaka sabini kabla hatujafungua kitabu.

Ongeza tahajia. Mmisionari aliandika alivyosikia: Kambale hapa, Kambere pale. Vuka mpaka wa Uganda hadi Kasese, na kwa Wakonzo Paluku anakuwa Baluku, Kambale anakuwa Bwambale, Kasereka anakuwa Masereka, Katembo anakuwa Thembo. Familia moja iliyogawanywa na mpaka inaonekana kwenye karatasi kama familia mbili. Kisha ikaja 1972, wakati Mobutu alipokataza majina ya Kikristo. Mtu aliyebatizwa Joseph Kambale akaendelea serikalini bila Joseph, na wengi wakachukua jina la pili jipya la mababu. Tangu hapo kitabu cha parokia na karatasi ya komini vinamtaja mtu mmoja kama watu wawili. Ni nani atakayewaunganisha, kama si aliyesomea fonolojia ya Kinande na elimu ya majina?

Haya yote yana uzito zaidi ya udadisi. Nchi yetu haijahesabu watu wake tangu 1984. Sheria ya Familia inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Aliyechelewa anahitaji hukumu ya mahakama, na hukumu ina safari, ina gharama. Wengi wetu kitambulisho chetu ni kadi ya mchaguzi, na wazee wengi wamepewa humo tarehe ya kukisia. Sasa tangu Oktoba 2014 mauaji ya eneo la Beni yamewatoa watu vijijini mwao usiku, mikono mitupu. Aliyekimbia Mbau au Eringeti bila karatasi anathibitishaje kwamba mtoto ni wake, au kwamba shamba aliloacha lilikuwa la baba yake? Mara nyingi mstari ulioandikwa na padri ndio maandishi pekee yaliyobaki. Na hata kanisani si salama: tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa katoliki mjini Beni. Mchwa na unyevu wa Butembo havihitaji hata bomu.

Kuna pia wale ambao mstari wao haukukamilika. Wazungu waliofika Kivu kwa kahawa, dhahabu na biashara hawakuwa Wabelgiji tu. Walikuwemo Wagiriki na Waitalia. Baadhi walizaa na dada zetu, na kitabuni mahali pa baba pakaachwa wazi au pakaandikwa *pater ignotus*, baba hajulikani, hata pale kijiji kizima kilipomjua. Watoto wengi machotara wa enzi ya ukoloni walichukuliwa kutoka kwa mama zao. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliihukumu Ubelgiji kwa kosa dhidi ya ubinadamu, katika kesi ya wanawake watano waliochukuliwa wakiwa wadogo. Ubelgiji imeanzisha utafiti katika hifadhi zake kuhusu watoto hao. Lakini nusu ya habari, ile ya upande wa mama, iko huku. Mtu mwenye babu Mwitalia anaweza kufungua vitabu vya Italia vyote. Asipoanza na jina la nyanya yake katika daftari la hapa, hana pa kuanzia.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni zito. Katika mkoa huu swali la «babu yako alitoka wapi» limeua watu. Sheria ya uraia ya 2004 yenyewe inataja makabila ambayo watu na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuchukua kitabu cha ubatizo akatafute wa kumwita mgeni. Anaweza pia kutangaza hadharani nani alizaliwa nje ya ndoa, nani aliolewa mara mbili. Siwezi kulijibu hilo kwa kusema tu kwamba elimu ni nzuri.

Ila kuviacha vitabu vioze hakumlindi mtu. Mwenye nguvu hahitaji kitabu ili amwite jirani yake mgeni; ni mnyonge anayekihitaji ili ajibu. Dawa ni kanuni. Italia yenyewe huzuia nakala kamili za hati za raia mpaka miaka 70 ipite, isipokuwa kwa wahusika. Nasi tuwe na kikomo kama hicho, na ndani yake kila mtu aombe habari za watu wake tu. Tusichapishe orodha za majina, na tusiandike kabila mahali ambapo kitabu hakikuliandika.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza, saa zile za Kilatini zitumike kusoma kurasa za kweli, pamoja na vifupisho vyake, badala ya sentensi za majeshi ya Kaisari peke yake. La pili, tuandae faharasa ya majina yetu na tahajia zake zote, za wamisionari, za komini na za Kasese, ili katibu wa parokia awe nayo mezani. La tatu, kitivo kiombe ruhusa ya jimbo na ya jumuiya za Kiprotestanti tupige picha vitabu vya kabla ya uhuru, na nakala zibaki mikononi mwa wenye vitabu. Kila mwaka tunaandika kazi za mwisho wa masomo juu ya maana ya majina ya Kinande kwa kuwahoji wazee kumi. Majina maelfu, yenye tarehe, yamelala kabatini hatua chache kutoka darasani.

Mukaka alipata karatasi yake. Tarehe aliyopewa mwishoni ilikuwa ile ya kitabuni, na ilimzeesha kwa miaka mitatu, jambo ambalo hajatusamehe. Lakini Jumapili iliyofuata alitoa nia ya misa kwa ajili ya Kavira, binti wa pili. Mhubiri alipolisoma jina lile, wanawake wawili wazee waligeuka wakamtazama. Nao walikuwa Kavugho.