Kano na Simbi za Pwani

Wahausa wa kaskazini ya Naijeria huita fedha kudi, na neno hilo asili yake ni simbi, hizi kauri tuziokotazo ufuoni maji yakipwa. Kano iko mbali sana na bahari, na sehemu ya simbi zake zilitoka kwetu hasa. Katika karne ya 19 kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilizinunua Unguja na pwani hii, ikazipeleka kwa merikebu hadi Lagos. Zilifurika hata thamani yake ikaanguka, na aliyeweka akiba ya magunia ya simbi akabaki na magunia tu.

Soko la Kurmi, kwa mapokeo ya wenyeji, lilianzishwa na Sarki Muhammad Rumfa, aliyetawala 1463 hadi 1499. Huyu ndiye aliyeandikiwa na Sheikh al-Maghili wa Tlemcen risala juu ya uongozi wa haki. Misafara ilileta chumvi ya jangwani na kola ya Ashanti, ikarudi na nguo za Kano zilizotiwa nili. Heinrich Barth alipofika mwaka 1851 alikuta simbi 2,500 kwa riale moja. Alikadiria wakazi 30,000, lakini msimu wa biashara ukiwadia watu walifika 60,000. Mji ulioongezeka maradufu kwa wageni haukuhitaji kufundishwa uchumi na mkoloni.

Mwingereza aliuteka mwaka 1903, na reli ya kutoka Lagos ikafika 1911. Yeye alitaka pamba. Wakulima walipima bei wakaona karanga zina faida zaidi, na wachuuzi wa Kihausa wakaenda vijijini kuzikusanya. Basi mabehewa yaliyotengenezewa pamba yakajaa karanga. Alhassan Dantata, mfanyabiashara wa kola, akawa tajiri mkubwa wa karanga. Magunia yalipangwa mfano wa piramidi, hata picha yake ikawa ndiyo sura ya Kano kwa walimwengu. Ukame wa miaka ya 1970, maradhi ya mimea na fedha za mafuta ziliziondoa piramidi hizo.

Leo wanunuzi wa nguo huenda Kantin Kwari, na vitambaa vingi vyatoka Uchina. Viwanda vingi vya nguo vya Kano vimefungwa. Mashimo ya nili ya Kofar Mata yangaliko, ila wapigaji rangi wamebaki wachache.

Biashara ikikua, ardhi huwa ghali, na hapo ndipo penye mzozo. Hata uwanja wa kusalia Idi ulijengwa maduka, kwa viwanja vilivyotolewa na serikali iliyotangulia. Gavana Abba Kabir Yusuf aliingia madarakani Mei 2023, na Juni matingatinga yakayabomoa. Waislamu wengi hawatakosa kufahamu kwa nini uwanja wa Idi si mahali pa duka. Lakini serikali ndiyo iliyotoa viwanja, na serikali ndiyo iliyobomoa; mfanyabiashara aliyelipa apewe nini? Wenye maduka walikwenda mahakamani, na Septemba 2023 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikaamuru walipwe fidia ya naira bilioni 30. Nami nawaza zaidi juu ya mpangaji aliyekodi chumba kimoja humo, akaweka ndani majora ya vitambaa aliyoyachukua kwa mkopo.