Mikono Safi ya Mwenye Kukaa Nyumbani

Imeenea katika baraza za Lunga Lunga ya kaunti ya Kwale, kuanzia mpakani hadi Vanga na kupanda mpaka Mwereni na Kikoneni, itikadi moja ambayo wenye kuishika huidhania kuwa ni uchaji: ya kwamba mtu asiyeridhika na wagombea wote waliosimama mbele yake imempasa akae nyumbani siku ya uchaguzi, kwa kuwa kura ni ushahidi, na mwenye kumshuhudia mtu mbaya atashirikishwa naye katika ubaya wake. Maneno haya husemwa kwa utulivu na watu wazima wenye staha zao, wala si maneno ya wavivu. Na kwa sababu hiyo hiyo yana madhara zaidi ya uvivu, maana mvivu huweza kuamshwa, ilhali huyu amekwisha kujiaminisha kuwa usingizi wake ni ibada.

Sikatai kwamba ghadhabu hii ina asili. Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, ambayo kwayo ardhi ya ukanda wa pwani isiyodaiwa kwa hati iligeuka kuwa mali ya Serikali, wako watu wa Kwale wanaoitwa maskwota juu ya ardhi yenye makaburi ya babu zao, na kila baada ya miaka mitano huja mheshimiwa akiahidi hatimiliki, akapata alichotaka, akaenda zake. Baraza la Jamhuri ya Mombasa, yaani MRC, liliposimama na tamko la "Pwani si Kenya" na kuwataka watu waususe uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, lilikuwa linanena uchungu ulio kweli tupu. Walakini uchaguzi ulifanyika. Kaunti ikapata gavana wake wa kwanza, Salim Mvurya. Lunga Lunga, lililokuwa jimbo jipya lililokatwa Msambweni, likapata mbunge wake. Fedha zikagawanywa, kazi zikatolewa. Nami sijaonyeshwa hadi leo ekari moja iliyorejea kwa mwenyewe kwa sababu ya kura ambayo hakuipiga.

Na tuitazame hesabu, maana hesabu haina kinyongo na mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na robo ya kura katika kila kaunti miongoni mwa zaidi ya nusu ya kaunti zote. Haikutaja popote idadi ya watu wanaopaswa kujitokeza ili uchaguzi usihi. Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi wa Agosti 2017, Raila Odinga akajitoa katika marudio na wafuasi wake wakayasusa, waliofika vituoni tarehe 26 Oktoba hawakutimia wawili kwa watano wa walioandikishwa, na katika kaunti nne za Nyanza kura haikupigwa kabisa. Na bado Uhuru Kenyatta akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 98, Mahakama ikauthibitisha ushindi wake mwezi uliofuata, akatawala muda wake wote. Ataniambia mtu kwamba baadaye ulikuja ule mkono wa maridhiano wa Machi 2018. Naam, ulikuja, lakini ulikuwa mkono wa viongozi hao wawili, wala mvuvi wa Vanga hakuulizwa masharti yake. Ikiwa ususiaji uliopangwa nchi nzima, wenye kiongozi na madai na tarehe, uliishia hapo, seuze wa mtu mmoja aliyejilaza mkekani kwake Mwereni bila ya mtu kujua kwamba amesusa! Na yule aendaye kituoni akaiharibu karatasi kwa makusudi, akidhani ghadhabu yake itasomwa, na ajue kuwa Mahakama hiyo hiyo iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika hesabu ya asilimia ya mtu yeyote.

Ndugu zetu wa Zanzibar waliyaonja haya kwa ukali kuliko sisi. Uchaguzi wao wa Oktoba 2015 ulipofutwa, chama cha CUF, kwa hasira ambayo hakuna mwenye insafu atakayewalaumu kwayo, kilikataa kushiriki marudio ya tarehe 20 Machi 2016. Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91, na Baraza la Wawakilishi likakaa miaka minne na ushei bila ya sauti ya chama kilichokuwa na karibu nusu ya watu wa visiwa vile. Waliokuwa na haki ya kulalamika wakawa nje ya nyumba ambamo malalamiko huandikwa.

Fauka ya hayo, Mkenya hapewi karatasi moja, hupewa sita: ya Rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake, na ya mwakilishi wa wadi. Mtu akichukizwa na majina mawili ya juu, akakaa nyumbani, amezitupa na tano zilizobaki, na katika hizo imo ya mwakilishi wa wadi, ambaye ndiye atakayeulizwa habari za kisima, za zahanati na za basari ya mtoto wa jirani. Mwaka 2022 wapiga kura walioandikishwa Kwale walizidi 328,000, Bi. Fatuma Achani alishika ugavana kwa kura zisizofika 60,000, akimtangulia Profesa Hamadi Boga kwa kura zisizofika 6,000. Simtaji kwa kumlaumu, kwani yeye alijitokeza na watu wake wakajitokeza. Msambweni nao, katika uchaguzi mdogo wa tarehe 15 Desemba 2020, walimpa Feisal Bader ubunge kwa kura 15,251, katika jimbo lenye walioandikishwa zaidi ya 60,000. Wachache huchagua kwa ajili ya wengi, na wengi hao hukaa miaka mitano wakisema kwamba hawakuchagua mtu.

Wasemao kuwa kura haina thamani nawauliza: ikiwa haina, mbona ilimwagiwa damu? Mnamo Agosti 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi, wavamizi waliokula kiapo katika Kaya Bombo walishambulia Likoni, wakaua, wakachoma, na maelfu ya watu wa bara wakaikimbia pwani. Na wengi waliolichunguza jambo lile wamesema kuwa lengo mojawapo lilikuwa kuwatawanya wapiga kura. Hakuna aingiaye gharama ya namna ile kwa ajili ya kitu kisicho na maana. Na wako Wamakonde wa Makongeni, watoto na wajukuu wa watu walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, ambao kwa miongo walikaa hapa bila kitambulisho wala kura, hata mwezi Oktoba 2016 wakashika njia ya Nairobi kwa miguu kwenda kudai uraia. Waliupata, wakapiga kura Agosti 2017. Wapemba wa Shimoni na Vanga walingoja hadi 2023. Mtu aliyezaliwa na haki hii na akaiacha kabatini, akiiita kuiacha huko usafi wa mikono, ana neno gani la kuwaambia hawa?

Sasa niijie hoja ya ushahidi, ambayo ndiyo shina la itikadi yenyewe. Dini iliyoharimisha ushahidi wa uongo imekataza pia kuuficha ushahidi, na anayejua kuwa wa kwanza kati ya wawili amekula fedha za zahanati na wa pili ni mwenye kiburi tu, kisha akanyamaza, hajaepukana na dhima, ameificha habari aliyokuwa nayo katika saa pekee ambayo ingefaa. Wanazuoni wa fiqhi wametuachia kanuni iliyo wazi: yakikutana madhara mawili yasiyoepukika, hubebwa lililo jepesi ili lizuiwe lililo zito. Kura haisemi kwamba mtu huyu ni mwema. Husema kwamba kati ya hawa waliopo, huyu atatudhuru kidogo. Wafaransa wa mrengo wa kushoto walilijua hilo mwaka 2002, walipomchagua Jacques Chirac, waliyempinga maisha yao yote, ili kumzuia Jean-Marie Le Pen. Chirac akaondoka na zaidi ya asilimia 82 baada ya kutofikisha hata 20 katika duru ya kwanza, wala hakuna aliyedhani kwamba wamempenda kwa ghafla.

Wapo wanaotumaini kuwa wanasiasa wakinyimwa kura watatahayari na kujirekebisha. Lakini mgombea hupanga safari zake kwa kulitazama daftari la wapiga kura na matokeo ya vituo, na kijiji kisichojitokeza hukipita bila kusimamisha gari, kwa kuwa hakidai wala hakidaiwi. Tarehe 10 Agosti 2027, mimi nitampa kura mtu ambaye yamkini simpendi, na kabla ya siku hiyo nitakuwa nimemwambia mbele ya watu ni kwa nini simpendi, na ni lipi nitakalomdai kwanza katika mkutano wa bajeti ya kaunti.