Kupwelewa si Kukwazwa

Wafasiri wengi huliona neno la Kiingereza "setback" kuwa ni "kikwazo". "Delay" na "reversal" nayo hutumbukizwa humo humo. Tafsiri hiyo haitoshelezi. Kikwazo, kinachotokana na kukwaa, hutaja kisababishi, si hali ya aliyezuiwa. Kiswahili cha pwani kina kitenzi kifaacho zaidi: kupwelewa, yaani kuachwa na maji yaliyokupwa. Chombo kilichopwelewa hakijazama. Hungoja maji kujaa. Mpango wa karanga wa Tanganyika, uliofutwa mwaka 1951, ulizama. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili yake, ilipwelewa tu, ikaja kusafirisha korosho. Mwanafunzi wa Mpapura asiambiwe kwamba Kiswahili hakina tofauti hiyo. Kamusi zinayo, wafasiri ndio wasiozifungua.