Macho ya Watoto na Likizo ya Desemba

Likizo ya Desemba ndiyo hii, na kaskazi inavuma. Zama zetu upepo huu ulikuwa ni wa tiara. Tukishatoka chuoni, hakuna aliyetuona nyumbani mpaka adhana ya Magharibi. Leo napita vichochoroni Mji wa Kale, nasikia milio ya michezo madirishani, watoto siwaoni. Wamo ndani, kila mmoja kainamia simu ya mamake.

Mjukuu wangu wa miaka 9 ni mmoja wao. Muhula uliopita tuliletewa neno kuwa ni mzito, hanakili sawasawa yaliyoandikwa ubaoni. Babake akamkaripia, nami, Mungu anisamehe, nikamuunga mkono. Siku moja tuko ufuoni, namwonyesha jahazi likitweka tanga, akaniuliza: “Liko wapi, babu?” Hapo ndipo nilipofahamu. Alipopimwa ikaonekana haoni mbali. Sasa ana miwani, na ule uzito hatuusikii tena.

Jicho la mtoto bado linakua. Likirefuka kupita kiasi, picha ya kitu cha mbali huangukia mbele ya pazia la nyuma ya jicho badala ya kulifikia, na mtoto akaona ukungu. Kuinamia cha karibu saa nyingi kuna sehemu yake, hata kikiwa ni kitabu. Lakini kinachosahauliwa ni mwangaza wa nje. Mjini Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule walitolewa nje dakika 40 zaidi kila siku ya shule kwa miaka 3. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: waliopata ugonjwa huu walikuwa kama 30 katika kila 100, na katika shule ambazo hazikufanya hivyo, karibu 40.

Wala si lazima mtoto aunguzwe na jua, sembuse kulikodolea macho. Kivuli cha mwembe kina mwangaza mara nyingi kuliko chumba chenye taa.

Na mabinti je? Akitimia miaka 10 tu, twamfungia ndani, kisha twashangaa kuwa simu ndiyo shoga yake. Stara haikatazi uwa wala sakafu ya juu, na nyumba zetu nyingi zinavyo, ila tumevijaza mapipa na vyuma vibovu. Tena wako wazazi wanaomnyima binti miwani kwa kuchelea kuwa hataposwa! Bora asisome ubao? Mimi hili silielewi, na nimewauliza wengi.

Kabla ya shule kufunguliwa Januari, mzibe mtoto jicho moja, kisha la pili, asome kalenda iliyo ukutani kutoka upande wa pili wa chumba. Akikunja uso au akisogea, mpeleke kwa daktari wa macho.

Mimi karatasi na uzi wa tiara nimekwisha nunua. Zimebaki njiti.