Uasili wa Msonobari Si Hoja

Imeenea miongoni mwetu itikadi, na wauza vipodozi wameifanya mtaji, ya kwamba mafuta yaliyokenekwa katika majani ya msonobari, mberoshi au mwerezi, maadamu yametoka mtini wala hayakutiwa dawa ya kiwandani, hayawezi kumdhuru mtu ngozi yake hata akijipaka apendavyo. Naikataa itikadi hiyo, wala siikatai kwa kuichukia miti hiyo au harufu yake, ambayo naipenda. Naikataa kwa kuwa nimeyaona matokeo yake shingoni mwa dada yangu.

Alinunua kichupa cha kioo cheupe, akakiweka dirishani panapopigwa na jua, na kila jioni akichanganya matone machache na mafuta ya nazi akajipaka shingo na mabega. Miezi ya mwanzo hakuona taabu. Kichupa kilipofika nusu, na mafuta yameanza kunata kwenye kizibo mithili ya utomvu, ngozi ikawasha, ikawiva, ikatoka vipele vya majimaji. Naye muuzaji alipoulizwa akajibu kwamba huo ni uchafu unaotoka mwilini, basi aendelee. Akaendelea, maskini, wiki mbili nyingine.

Ama hakika ya jambo hili ni kwamba ndani ya mafuta hayo mna pinini, karini na limonini, ambazo zingali mbichi ukali wake kwa ngozi si mkubwa. Lakini kila kizibo kifunguliwapo hewa huingia, oksijeni ikashikamana nazo, zikazaliwa hidroperoksidi, na hizo ndizo ziufundishazo mwili uadui. Wapaka rangi wa Ulaya waliyajua madhara haya kwa mikono yao, kwani tapentaini, nayo pia ni zao la msonobari, iliwapa ukurutu; na wataalamu wa Sweden, katika miaka ya 1950, wakabainisha kuwa mkosaji ni karini iliyokwisha kuliwa na hewa. Ndiyo maana sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya, namba 1223 ya mwaka 2009, haiulizi kama mafuta ya msonobari ni ya asili. Yauliza kiasi cha peroksidi, ambacho sharti kiwe chini ya milimoli 10 kwa lita.

Wengine hunijibu kwamba bibi zetu walijipamba kwa asumini na vilua wasidhurike. Naam, lakini walivaa ua la jioni ile ile, likatupwa asubuhi, wala hawakulikeneka wakaliweka dirishani mwaka mzima.

Basi anayetaka kuuza mafuta haya na ayatie katika chupa ndogo ya kioo cheusi, ayachanganye na vitamini E kidogo ya kuzuia hewa isiyaharibu upesi, aandike tarehe ya kukenekwa, na amwambie mnunuzi ayaweke mahali pa baridi. Mwili ukishafundishwa uadui huo aghalabu hausahau: dada yangu hata leo akishika dawa ya kung'arishia samani yenye tapentaini, vidole vyamvimba. Kile kichupa kingali kabatini mwake. Juzi nilikifungua nikakinusa, na harufu yake bado ni nzuri.