SUV zayumbisha imani ya mashabiki wa magari ya kasi

KAMPUNI zilizojipatia sifa kwa magari ya kasi zinazidi kugeukia magari makubwa ya SUV, hatua inayojaza hazina zao lakini inayowagawanya mashabiki waliozienzi kwa miongo mingi.

Katika ukanda wa Kilifi na Malindi, suala hili lina mizizi ya kale. Waitaliano walianza kuweka makao Malindi miaka ya 1960, wakati mradi wa anga za juu wa San Marco ulipoanzishwa Ngomeni. Flavio Briatore, aliyeongoza timu ya Renault ilipotwaa ubingwa wa Formula 1 mwaka 2005 na 2006, ni miongoni mwa waliowekeza katika mji huo.

Vipingo nayo iliyapokea mashindano ya East African Safari Classic mwaka 2023, ambayo hushirikisha magari ya zamani pekee. Mshindi, Mkenya Baldev Chager, aliendesha Porsche 911.

Historia ya Porsche ndiyo inayofafanua vyema mvutano uliopo. Kampuni hiyo ya Ujerumani haikuwahi kushinda Safari Rally ilipokuwa ya ubingwa wa dunia, lakini 911 zilizomaliza katika nafasi ya pili mwaka 1974 na 1978 ziliipa heshima kubwa humu nchini.

Ilipozindua Cayenne mwaka 2002, wafuasi wengi waliona wamesalitiwa. Walinong'ona kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hata hivyo, kati ya magari 320,221 ambayo Porsche iliwakabidhi wateja mwaka 2023, zaidi ya nusu yalikuwa Cayenne na Macan. Yale ya 911 yalikuwa takriban 50,000.

Lamborghini ilifuata njia hiyo. Mwaka huo wa 2023 ilivuka magari 10,000 kwa mara ya kwanza, na Urus pekee ilichukua zaidi ya nusu. Ferrari, iliyokuwa imekataa katakata kuunda gari la aina hiyo, ilizindua Purosangue mwaka 2022, ingawa haipendi liitwe SUV na iliahidi kwamba halitazidi asilimia 20 ya magari yake.

Hesabu ya wakuu wa kampuni ni rahisi. Faida ya magari ya familia tajiri ndiyo inayogharimia magari ya kasi yanayonunuliwa na wachache. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini kwa Mpwani wa kawaida, ambaye Urus huiona ikimpita tu barabarani, pigo halisi limetoka Japani.

Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Colt Lancer. Patrick Njiru naye alimaliza wa nne mwaka 1994 kwa Subaru Impreza. Ushindani wa majina hayo mawili ulirithiwa na vijana ambao hawakuwahi kuziona mbio hizo.

Mitsubishi ilikomesha uundaji wa Lancer Evolution mwaka 2016. Mwaka uliofuata, jina Eclipse, lililokuwa la gari la michezo, lilibandikwa kwenye SUV ya Eclipse Cross. Subaru ilijiondoa katika mashindano ya dunia mwishoni mwa 2008, na mwaka 2022 ikatangaza kwamba haitaunda WRX STI mpya ya petroli.

Hapo ndipo sheria ya Kenya inapozidisha uzito. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limezidi umri wa miaka minane. Kwa hivyo, mlango wa Lancer Evolution umeshafungwa, na ule wa STI unakaribia kufungwa. Kila moja inayoliwa na kutu ya chumvi ya bahari haina mbadala.

Hata hivyo, si haki kuwalaumu wanaohamia SUV. Njia za Ganze na Magarini wakati wa masika hazina huruma kwa gari la chini. Forester yenye turbo ilikubalika upesi miongoni mwa wafuasi wa Subaru kwa sababu ilishiriki na Impreza injini na mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne.

Hili ladhihirisha kwamba shabiki husamehe umbo likibadilika, ila hasamehi jina linapobaki tupu.

Toyota yaelekea kulielewa jambo hilo. Inauza SUV kwa wingi, lakini mwaka 2020 ilizindua GR Yaris, gari dogo la kasi, na timu yake ikashinda Safari Rally kila mwaka kuanzia 2021, mashindano hayo yaliporejea katika ubingwa wa dunia, hadi 2025.

Kampuni zinazotegemea sifa za jana kuuza magari ya leo zinakula akiba. Heshima ya 911 na Lancer ilipatikana kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki, na wasioirudia kazi hiyo watabaki na wanunuzi bila wafuasi.